Noti ya Fundi Saa

4 Februari

Mwanangu Karani,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wazima, ukiondoa baba yako, ambaye anaumwa ila hataki kukubali. Wiki iliyopita alipanda juu ya paa kuziba panapovuja, akashuka akichechemea, na tangu hapo anatembea ameshika kiuno huku akituambia ni baridi ya asubuhi. Mama yako anamwacha aseme. Mimi nipo. Masikio yangu yanazidi kuliwa na ile mashine ya kusagia plastiki, ndiyo maana ukinipigia simu naitikia "ndiyo, ndiyo" hata kabla hujauliza. Tuendelee na barua. Barua haihitaji masikio.

Nyumba imepoa tangu ulipomaliza likizo yako. Majirani bado wanasimulia jinsi ulivyokaa barazani siku tisa na simu yangu mkononi, ukipanga noti zangu za wagonjwa kama mtu anayechambua mchele. Nimewaambia hiyo ndiyo kazi yako, ofisi nzima hukuletea karatasi zao. Hata pale karakana ya hospitali nilimwonyesha mkuu wetu: hapa wote wa mguu wa kulia, hapa wa kushoto, hapa waliokatwa juu ya goti, hapa chini. Akasema sasa nimekuwa mtu wa kisasa. Nilifurahi, ingawa unajua huyo ni mimi niliyemfundisha kushika tupa.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mgonjwa wangu ninayemwita Fundi Saa, kwa kuwa anatengeneza saa katika kibanda karibu na posta. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti miaka kumi na moja iliyopita, na mguu wake wa bandia nilimtengenezea mimi. Ulinisumbua miezi minne. Nilivunja vikombe vitatu, yaani ile sehemu ya juu anamoingiza kigutu, mpaka nikapata kinachomfaa. Nikaandika kwenye simu siri yake ilikuwa nini, na kila nilipobadili simu noti zilihama nami. Sasa mguu ule umechakaa, na mwezi wa tatu anakuja kupimwa mwingine.

Zamani nikimtaka mtu wangu niliandika neno lake kwenye kisanduku cha kutafutia, naye anakuja. Siku hizi naandika neno, wanakuja watu mia mbili, na mtu wangu hayumo. Nimetafuta "saa", nimetafuta "fundi", nimetafuta hata "gotii" kwa i mbili, nilivyozoea kuandika. Sijamwona. Bila shaka umemweka pazuri kuliko akili yangu inavyofika. Nawe ulibaki na nakala kwenye kompyuta yako. Nitafutie, uniandikie kama ilivyo.

Kula vizuri. Mama yako anasema kwenye ile picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu.

Shangazi yako

26 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia, ingawa ililala siku nne mapokezi chini ya daftari la wageni. Mpe baba pole ya kiuno, umwambie paa lina mafundi wake.

Huku sijambo. Chumba ni kilekile cha ghorofa ya nne, na jirani wa juu bado anaburura meza kila alfajiri utadhani anahama. Kazini mambo yamekaa vizuri. Tumemaliza kuingiza mafaili ya makabati ya chini kwenye kompyuta, na mkuu wa idara amenichagua niwafundishe watumishi wa matawi namna ya kupanga noti zao binafsi. Kila noti iwe na kichwa, tarehe na mahali pake. Somo la kwanza nilitoa juzi kwa watu thelathini na wawili. Nilitumia mfano mmoja wa nyumbani, wakaupenda sana.

Kuhusu Fundi Saa, usiwe na wasiwasi. Noti ipo. Ni suala la muda tu, maana nakala ya kompyuta niliipanga kwa utaratibu tofauti na wa simu. Na hiyo "gotii", Shangazi, niliisahihisha kote ikawa "goti". Neno moja likiandikwa kwa namna mbili, kompyuta hudhani ni vitu viwili. Ukitafuta, andika goti.

Nitakuandikia karibuni. Nisalimie wote.

Karani wako

18 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako sasa amekubali kwamba ni kiuno. Hongera ya kufundisha, tumeitangaza mtaa mzima, na mama yako ameongeza cheo kidogo, basi mtu akikuita mkurugenzi usishangae.

Gotii na goti ni vitu viwili. Goti ni goti. Gotii ni goti linalodanganya, lile linalokubeba wiki mbili halafu likakuangusha mbele za watu. Niliandika hivyo makusudi ili nikitafuta waje wale tu. Lakini si neno la kwenye kamusi, nitazoea.

Fundi Saa alikuja Jumatatu. Nilimwona mlangoni, uso nikaujua, jina nikalijua, hata ile tabia yake ya kupuliza vidole kabla ya kushika kitu. Mguu wake sikuukumbuka hata kidogo. Nilichukua vipimo, nikamwambia asihofu, kila kitu kimeandikwa na binti yetu amekitunza. Akaniambia anajua, ndiyo maana hakwenda kwingine.

Basi nifanyie haraka. Wiki iliyopita nilisahau kuzima tanuri na mkuu akanitazama. Nami nikamjibu kabla hajasema: mimi sisahau, mambo yangu yote yameandikwa.

Shangazi yako

3 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Nami mzima, kazi nyingi tu.

Nimeipata. Nainakili hapa:

"Fundi Saa. Mguu wa kushoto, chini ya goti. Kigutu kifupi, ngozi nzuri. Kikombe kikazwe upande wa nje, chini kidogo ya goti, ili uzito usishukie ncha ya mfupa. Ndani bitana laini, tabaka mbili. Wiki ya kwanza apumzishe mguu kila baada ya saa mbili."

Nimesahihisha herufi tu. Samahani kwa kuchelewa. Na ukiona mkono wako unakwambia vingine, fuata mkono wako, Shangazi, wewe ndiye fundi.

Karani wako

1 Juni

Mwanangu,

Nianze na nyumbani. Baba yako amepona, akapanda tena juu ya paa, na mama yako ameficha ngazi kwa jirani.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Nikiandika mistari miwili naenda kuosha chombo kilichokwisha kuoshwa.

Fundi Saa nilimtengenezea mguu kama ilivyoandikwa. Nilipokuwa nabana plastiki ya moto juu ya plasta, yaani ule mfano wa kigutu chake, kidole gumba changu kilifika pale upande wa nje, chini ya goti, kikasita. Barua yako nilikuwa nimeibandika ukutani juu ya meza, nikaisoma tena. Imeandikwa kikazwe. Nikakaza. Akauvaa, akatembea katikati ya yale mabomba mawili ya kushikia, nikamuuliza kama anaumia, akasema hapana. Akatoka anatembea wima.

Wiki ya tatu mke wake alikuja peke yake. Alizungumza huku anatazama sakafu. Alisema mumewe ananuka mguu na hataki mtu auangalie. Tukamfuata kibandani kwake. Nilipovuta kikombe, bitana ilitoka na ngozi. Kulikuwa na tundu ambalo lingeingia kidole. Alikuwa amekalia maumivu yale siku kumi na tisa, anafungua saa za watu, kimya. Wamemlaza, na daktari wa upasuaji anazungumzia kukata tena, safari hii juu ya goti.

Niliitwa ofisini. Mkuu hakunipandishia sauti, na afadhali angepandisha. Aliuliza nilifuata nini. Nikasema noti yangu. Akauliza iliandikwa na nani. Nikasema na mimi. Akauliza kama nakumbuka kuiandika. Nimeisoma mara ishirini, mwanangu. Ni maneno ya mtu anayejua kazi, lakini siyatambui. Ni sawa na kuonyeshwa picha yako umesimama katika nyumba ambayo hujawahi kuingia.

Wamenipeleka kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu. Alinitaka nihesabu kutoka mia kurudi nyuma, nikitoa saba kila mara. Nilifika sabini na mbili nikaanza kulia, wala si kwa ajili ya hesabu. Majibu bado. Nimepewa likizo isiyo na tarehe ya mwisho. Nikipita pale karakana kuchukua vitu vyangu, wenzangu wananisalimu kwa sauti kubwa na polepole.

Wewe sikulaumu, wewe ulinakili tu. Nakuomba kitu kimoja. Angalia kwenye kompyuta yako noti ile ina tarehe gani. Nataka kujua niliiandika lini, ili nijue akili ilianza kuniacha mwaka gani.

Shangazi yako

20 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimesikitika sana. Pole. Usijitese kwa mawazo, hayo hutokea kwa fundi yeyote. Tarehe nitaiangalia, kwa sasa kompyuta yangu iko kwa fundi.

Huku mvua ni nyingi na lifti yetu imekufa, tunapanda ngazi kwa miguu. Nimekutumia shali la sufu kwa mtu anayekuja huko, rangi ya kijivu uipendayo. Wasalimie baba na mama.

Karani

8 Julai

Mwanangu,

Shali limefika, asante. Linapendeza. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta ulipojibu.

Labda umeona tarehe na unanionea huruma. Usinionee. Mtu mzima akiambiwa hukaa chini, akavumilia. Baba yako siku hizi ananiuliza kila asubuhi jana nilikula nini. Anauliza kwa mzaha, lakini jibu analisikiliza. Simu nimeizima, nimeifungia kabatini. Naogopa kuisoma nisije nikakutana na mwingine niliyemwandikia uongo bila kujijua.

Mwisho wa Agosti nitapeleka barua ya kustaafu. Nimeshaiandika. Nataka niondoke mwenyewe kabla hawajaanza kunitafutia maneno matamu ya kuniondolea.

Fundi Saa bado kalazwa. Nimekwenda mara tatu, nikaishia kwenye korido.

Shangazi yako

25 Julai

Shangazi,

Leo sikuulizi hali, maana aliyeiharibu namjua.

Akili yako haijakuacha. Ile noti hukuiandika wewe. Niliiandika mimi, mezani kwangu, tarehe mbili Aprili, kwa kuchota maneno katika noti za wagonjwa wako wengine saba waliokatwa chini ya goti. Noti ya kweli ya Fundi Saa niliifuta Desemba, nimekaa barazani kwako, nikinywa chai uliyonitengenezea.

Ilikuwa hivi. Noti ndefu nilizipanga kwenye mafaili, hizo ndizo ulizomwonyesha mkuu wako. Lakini zilikuwapo fupi, za maneno matatu au manne, hazina kichwa wala tarehe, nyingine ni neno moja tu. Nikaziona ni vitu ulivyobonyeza kwa bahati mbaya. Nilizisoma haraka na kuzifuta haraka zaidi. Simu ilikuwa ikiniuliza kila mara, una hakika? Nikatafuta mahali pa kuizuia isiulize. Nakala yangu nilichukua baada ya kufuta, kwa hiyo hata huku hazimo. Simu yenyewe hutunza kilichofutwa siku thelathini. Barua yako ya kwanza ilipofika, siku hizo zilikuwa zimepita zamani. Nilishinda Jumamosi na Jumapili nikijaribu, mpaka nikamwendea mtaalamu wa ofisini kwetu nikamdanganya kwamba ni noti zangu. Hazirudi. Zilikuwa nyingi.

Kwa nini sikusema? Unakumbuka ile jioni ya mwisho, wote tuko mezani, nikawaambia nimekutolea takataka simu nzima. Baba akacheka, mama akacheka, nawe ukacheka umefunika mdomo. Nilipopata barua yako niliisikia ile sauti yangu. Na kuna jingine. Ule mfano wa nyumbani niliokuandikia ulikuwa picha ya simu yako kabla sijaipanga. Niliitandaza ukutani mbele ya watu thelathini na wawili, wakaisoma, wakacheka. Jina lako nilikuwa nimelificha, na nikajiona nimekutendea wema.

Nilipokuwa naandika ile noti ya uongo, Fundi Saa sikumfikiria hata kidogo. Nilikuwa naogopa wewe usijue. Nilijiambia mguu ni mguu.

Noti yake siikumbuki. Laiti ningekuambia naikumbuka. Nilimfuta mtu bila hata kumwona.

Usipeleke barua ya kustaafu. Mwonyeshe mkuu wako hii, na daktari, na yeyote unayemtaka.

Karani

2 Oktoba

Karani,

Baba yako na mama yako wazima. Wanauliza mbona huandiki, nawaambia una kazi. Barua yako sijawasomea.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa nakutukana, na tusi la mdomo hupita, la kwenye karatasi mtu hulikunja akaliweka. Nimechana karatasi nyingi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Nataka ujue hivyo, maana najionea haya. Mtu amelazwa na tundu mguuni, nami nikacheza jikoni peke yangu na mwiko mkononi kwa kuwa kichwa changu ni kizima. Hasira ilikuja baadaye, ikakaa sana. Wale watu thelathini na wawili walicheka nini hasa? Niambie, nami nijue.

Kisha siku moja nafua, noti ikanijia yenyewe. Ilikuwa maneno manne: "nje usiguse, huyu hasemi." Pale nje chini ya goti ana kinundu kidogo cha mshipa, kikibanwa ni moto. Na akiumia hasemi, ni lazima umketishe, umvue mwenyewe, uangalie. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya miezi minne. Kwako yalikuwa maneno ya mtu aliyekosea kubonyeza.

Sasa nikuambie yangu, ambayo nayo niliyanyamazia. Siku ile Jumatatu alipokuja, ningemuuliza yeye. Alikuwa amekaa mbele yangu, umbali wa mkono. Ningesema, bwana, miaka ni mingi, nimesahau mguu wako, nikumbushe. Hata yeye asiyesema, kama ningemwambia nimesahau, nadhani angenionyesha. Sikuuliza kwa sababu niliona aibu. Amenisifu kwa watu miaka kumi na moja, nami nimwambie nimemsahau? Nikaona bora nimwandikie mtoto aliye mbali. Halafu kidole changu kikasita, nikakidharau kwa ajili ya karatasi. Kwa hiyo barua yako sikumwonyesha mkuu, na sitamwonyesha. Mguu niliutengeneza mimi. Daktari wa kumbukumbu ameandika kwamba sina kasoro, na ile barua ya kustaafu nimeiwashia jiko. Nimerudi kazini tangu mwezi uliopita. Wananisalimu kwa sauti ya kawaida.

Fundi Saa hawakumkata juu ya goti. Tundu limepona, lakini kovu ni baya, na hawezi kuvaa mguu wowote kabla ya mwaka kwisha. Anatembea kwa magongo. Kibanda amekifunga, anafanyia kazi nyumbani. Kabla hajatoka hospitali niliivuka ile korido. Nilimwambia yote, la kwako na la kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno moja tu: binti aje.

Basi Desemba uje. Usije na zawadi.

Shangazi yako

11 Januari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, na lifti bado haijatengenezwa.

Siku ile tulipotoka kwa Fundi Saa uliniuliza amesema nini, nikakujibu kwamba amenipokea vizuri. Hukuuliza tena njia nzima, wala siku nne zilizobaki. Nakuandikia sasa, kwa sababu mdomoni ilikataa.

Uliponiacha mlangoni na kusema utanisubiri nje, nilitaka kukushika nguo kama mtoto. Mkewe alinikaribisha akaniweka kwenye kiti kilichotazamana na meza ya kazi ya mumewe, pale dirishani. Magongo yalikuwa yameegemea ukuta. Pembeni ya kabati ulisimama ule mguu, umevalishwa soksi na kiatu, kiatu kimepigwa rangi. Sikujua nitazame wapi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu huku. Nilianza vizuri, nikafika katikati yakaniponyoka, nikabaki nasema samahani, samahani, hata mwenyewe nikachoka kujisikia. Yeye alikuwa na saa imefunguliwa mbele yake, ameweka ile lenzi jichoni, anaendelea kufanya kazi. Nilipokwisha aliniuliza nilidhani zile noti ni nini. Nikamwambia nilidhani ni takataka. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei.

Halafu akatoa lenzi, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Zilikuwa ngapi?"

Hesabu hiyo sijawahi kumwambia mtu, Shangazi. Hata wewe nilikuandikia kwamba zilikuwa nyingi. Naijua kwa sababu siku ile barazani simu ilionyesha idadi, na niliifurahia.

"Mia tatu na kumi na mbili," nikasema.

Alipuliza vidole vyake. Akachukua bisibisi yake ndogo, akarudi kwenye saa.

"Basi wamebaki mia tatu na kumi na mmoja."

Sikumwambia kwamba wengine huenda walikuwa na noti mbili mbili. Ingekuwa kujitetea. Mkewe akaleta chai, tukanywa. Hakulirudia tena jambo lile. Aliniuliza kazi yangu ni ya nini, nikashindwa kuieleza. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Tangu niliporudi nimemwambia mkuu wa idara kwamba lile darasa sitalifundisha tena. Alitaka sababu, nikampa, naye akatazama pembeni. Uliniuliza walicheka nini. Walicheka noti moja iliyosema "anapenda ngazi". Sasa ndipo najiuliza ni nani huyo, na ulimfanyia nini mguu wake hata akapenda ngazi.

Nimeomba likizo bila mshahara mpaka mwezi wa sita, wamenikubalia. Nitafika tarehe mbili Februari. Daftari la karatasi la mapokezi yenu lina majina ya wote waliopita mikononi mwako na mahali wanapoishi. Mkuu wa karakana usimwombe wewe, nitamwomba mwenyewe, na nitamwambia ninalitakia nini, na noti ile aliiandika nani. Najua hukutaka ajue. Nisamehe kwa hilo pia. Baba na mama nao nitawaambia siku ya kwanza, tukiwa mezani.

Kisha nitawaendea wagonjwa wako mmoja mmoja. Nitawaambia nilichofanya, niwaulize panapouma, na niandike vile vile watakavyosema. Wengine watanifukuza, na wana haki. Wa kwanza nichagulie anayeishi karibu kabisa na nyumbani, nisije nikapata njia ndefu ya kubadili mawazo.

Mwanao